Mapovu ya kostiki si sumu inayotoka kwenye sufuria

Kila Ramadhani inapokaribia, kwenye magrupu ya simu hapa Unguja na Pemba huzunguka ujumbe huu: chemsha maji ya kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni) ndani ya sufuria ya alumini, mapovu yakipanda, ni "sumu" inatoka. Wanaoutuma wana nia njema, lakini si kweli.

Yanayopanda ni haidrojeni, gesi inayoshika moto, na kinacholiwa ni sufuria yenyewe. Alumini hulindwa na utando mwembamba mno wa oksaidi, yaani alumini iliyoungana na oksijeni. Kostiki huuyeyusha utando huo, kisha metali iliyobaki wazi hugeuka aluminati, aina ya chumvi ya alumini, ambayo huyeyuka majini bila rangi. Kila gramu 9 za alumini zikiyeyuka hutoa gramu 1 ya haidrojeni, kama lita 12 za gesi.

Aluminati haionekani, ndiyo maana mtu hadhani kama sufuria imepungua. Anachokiona ni weusi unaobaki: chembe za metali nyengine, kama chuma, zilizokuwemo ndani ya alumini tangu kiwandani. Anadhani ndiyo sumu yenyewe.

Kuhakikisha, usijaribu jikoni. Tone moja la kostiki laweza kupofua jicho. Soma onyo kwenye pakiti, au nenda Paje ukawaulize kina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani. Mzoefu yeyote atakwambia kostiki haikorogwi kwenye alumini.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Sufuria yatosha kusuguliwa kwa sabuni na ndimu.