Rwenzori haikujengwa na volkano

Wageni wanaopita Kasese, magharibi mwa Uganda, huniuliza milima ya Rwenzori ililipuka lini. Siwashangai. Kilimanjaro, Mlima Kenya, Elgon na Muhavura, yote ilijengwa na volkano, basi mtu hudhani kila mlima mrefu wa kwetu umezaliwa hivyo. Rwenzori haikulipuka kamwe.

Ushahidi uko kwenye mawe. Kule Kisoro, chini ya Muhavura, mawe ni meusi na yana vitundu vidogo vilivyoachwa na gesi wakati lava ikipoa. Sasa njoo mto Mubuku, unaoteremka kutoka Rwenzori. Utaokota jiwe la kijivu lenye mistari myeupe, madini ya ulanga yakimetameta ndani yake. Hiyo ni naisi, mwamba geu uliopikwa na kukandamizwa kilomita nyingi chini ya ardhi, na umri wake unafika miaka bilioni 2 hivi. Mlima wenyewe ni kijana mno: umeinuka hasa katika miaka milioni chache zilizopita.

Umeinukaje? Huku magharibi mwa Uganda bara linavutwa pande mbili, gamba la dunia linapasuka, na baadhi ya vipande vilivyo katikati ya nyufa vinazama. Ndivyo yalivyopatikana mabonde yenye Ziwa Albert na Ziwa Edward. Rwenzori ni pande la mwamba lenye urefu wa kilomita 120 hivi, lililobanwa kati ya mabonde hayo, nyufa zikiwa zimelizunguka karibu pande zote. Majirani walizama, lenyewe likapanda hadi mita 5,109 kwenye kilele cha Margherita. Na kinachonivutia zaidi ni kwamba mvua, mito na barafu vinapoukwangua mlima na kumwaga mchanga bondeni Semliki, mzigo hupungua, na mwamba wa chini hupata nafasi ya kusukumwa juu tena.

Kazi hiyo haijaisha. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100, na la Februari 1994 likatikisa Fort Portal. Ndiyo maana nyumba za Bundibugyo na Kasese zinahitaji kufungwa kwa nondo, hata za chumba kimoja.

Volkano zenyewe, anayezitaka aende Katwe, chini ya mlima. Kreta, yaani mashimo yaliyoachwa na milipuko, zimetapakaa tambarare, na mojawapo ndiyo ziwa wanalovuna chumvi.