Hakuna ripoti ya hewa? Mimi huuliza QNH kabla ya mawingu

Wanafunzi wangu hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wakishapata leseni ya kurusha ndege kwa vyombo, yaani bila kuona nje, huniletea swali hili mapema sana: kiwanja ninachokwenda kina utaratibu wa GPS uliochapishwa, yaani njia ya kushukia mawinguni iliyochorwa kwenye ramani, lakini hakina kituo cha hali ya hewa. Hakuna METAR, ripoti rasmi ya hewa ya kiwanja, na redio iko kimya. Je, nishuke?

Wengi huwa wanawaza mawingu. Wanataka kujua kama kuna ukungu. Mimi huwarudisha nyuma kidogo, kwa sababu ripoti ya hewa inapokosekana unapoteza vitu viwili tofauti kabisa, na hatari zake hazilingani.

Kwanza unakosa habari za mawingu, upepo na umbali wa kuona. Hapo utaratibu wenyewe bado unakulinda. Ramani imekupa kimo cha chini kabisa. Unakifikia, unatazama mbele, barabara ya ndege haionekani, unapaa na kufuata njia ya kuondokea iliyochorwa. Umepoteza muda na mafuta. Sisi wa Nairobi tunaijua Julai: mawingu hulala chini alfajiri, na mara nyingi huinuka kadiri jua linavyopanda. Aliye na mafuta ya kuzunguka, na ya kumfikisha kiwanja kingine, anaweza kungoja bila presha.

Pili unakosa mgandamizo wa hewa, ile namba ya QNH tunayoiweka kwenye altimita, chombo kinachotuonyesha kimo. Hili ndilo linaloninyima raha. Kile kimo cha chini kinachokulinda unakisoma kwenye altimita hiyohiyo. Namba ikiwa na kosa, kinga yako imeshuka pamoja nawe, na sindano zitaendelea kukuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Tarehe 23 Mei 2022, Airbus A320 ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Mwongoza ndege aliwapa marubani QNH 1011 badala ya 1001. Kila hektopaskali moja, kipimo cha mgandamizo, ni takriban futi 28 kwenye altimita, kwa hiyo kosa la hektopaskali 10 liliwaweka karibu futi 280 chini ya walipodhani wapo. Kwa kuwa mteremko wao ulikokotolewa kutokana na altimita, mteremko mzima ulishuka nao. Barabara haikuonekana, wakaamua kupaa tena, na kabla ndege haijaanza kupanda ilikuwa imefika futi 6 juu ya ardhi, karibu maili moja kabla ya barabara. Na huo ni uwanja wenye wataalamu wa hewa mchana na usiku!

Kwenye ILS, mfumo wa redio unaoielekeza ndege hadi barabarani, ungepata nafasi ya kushtuka. Mwali wake hutoka ardhini, hautegemei altimita yako. Ukipita pale ramani inapotaja kimo, unalinganisha namba ya ramani na ya altimita, na zisipokubaliana unaacha. Utaratibu wa GPS wa kawaida, ule wa viwanja vingi vya mashambani, haukupi mwali wa kulinganisha nao.

"Basi nitaweka QNH niliyotoka nayo Wilson," huniambia. "Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo haubadilikibadiliki." Hapo wana nusu ya ukweli. Hatuna zile tufani za Ulaya zinazoangusha mgandamizo kwa siku moja. Lakini hewa ya ikweta hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari: kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, bonde karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali tatu au nne, pengine zaidi. Ondoka na namba ya saa nne asubuhi, fika saa kumi alasiri bila kuibadilisha, na utakuwa chini kwa futi mia moja hivi. Kosa la asubuhi hadi alasiri hukuangukia upande mbaya.

Kisha kuna umbali. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, za kubuni taratibu hizi zinaongeza kimo cha chini kwa futi 5 kwa kila maili ya baharini inayozidi tano, pale QNH inapotoka kituo cha mbali. Hiyo ni kazi ya mbunifu, si hesabu ya rubani kwenye goti lake. Na kanuni hizohizo zinashauri kwamba katika nchi ya milima, utaratibu wa kutegemea QNH ya mbali usitolewe kabisa. Mwenye kuvuka Bonde la Ufa kila wiki haelezwi sababu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ramani ikitaja kituo cha mbali na vimo vyake, nipe QNH mpya ya kituo hicho nami nitajaribu, nikiwa na mafuta ya kuondoka. Isipotaja, siingii mawinguni chini ya kimo salama cha eneo. Nikipata uwazi nikaiona ardhi, nashuka kwa macho. Nisipoupata, nakwenda kiwanja mbadala. Anayebeba abiria wa kulipa afuate kitabu cha kampuni yake, ambacho huwa kikali zaidi.

Kimo cha GPS kwenye tableti hakibadilishi msimamo huo. Siku ya joto, altimita iliyowekwa sawasawa husoma chini ya kimo halisi, kwa hiyo kutofautiana kwake na GPS hakuthibitishi kosa, na kukubaliana kwao hakuthibitishi usalama.

Kuna njia moja ninayoipenda ya kuhakiki. Kama kuna ndege iliyoegeshwa kwenye kile kiwanja, mpigie simu rubani wake. Mwombe azungushe kitufe cha altimita hadi isome mwinuko uliochapishwa wa kiwanja, kisha akusomee namba iliyo kwenye dirisha dogo. Hiyo ndiyo QNH ya pale. Si ripoti rasmi, wala siitumii peke yake kushukia mawinguni. Naiweka kando ya namba ya kituo cha mbali. Zikipishana kwa zaidi ya hektopaskali mbili, sianzi kushuka. Uliza pia ameisoma saa ngapi, na ikiwa imepita saa moja, mpigie tena.