Je, wajua kwa nini kadi ya mdakaji wa akiba hutafutwa kwa udi na uvumba?

Bob Uecker alicheza besiboli ya ligi kuu ya Marekani misimu sita, kuanzia 1962 hadi 1967. Katika muda wote huo alicheza mechi 297 tu, akapiga mipira 14 ya kuvuka uzio, na wastani wake wa kupiga ukaishia 0.200, yaani katika majaribio matano alifanikiwa mara moja. Timu yake ya St. Louis Cardinals ilipotwaa ubingwa mwaka 1964, fainali ilikwenda mechi saba na yeye hakuchezeshwa hata moja. Pamoja na hayo, kadi yake ya mwaka 1962, yaani kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji, inasakwa hadi leo, na watu huilipia fedha nyingi kuliko kadi za wachezaji wengi waliomzidi mbali kwa kipaji.

Mdakaji ndiye yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, uso umefunikwa kwa kinga ya chuma, mkononi glovu nene, akidaka kila mpira unaorushwa. Kazi hiyo inaumiza magoti na vidole, ndiyo maana kila timu huweka mdakaji wa pili wa kumpumzisha wa kwanza. Uecker alikuwa huyo wa pili.

Sasa tuje kwenye kadi yenyewe. Miaka ile soko lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Topps, yenye makao Brooklyn, New York. Kadi zilifungwa pamoja na chingamu, na kwa senti tano mtoto alipata kadi tano bila kujua ni za nani mpaka afungue. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Topps haikutoa kadi za mwaka mzima kwa mpigo mmoja. Ilizitoa kwa mafungu: fungu la kwanza wakati ligi inaanza, la mwisho msimu ukielekea ukingoni. Kufikia fungu la mwisho, watoto walikuwa wanarudi shule na macho yao yamehamia kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani. Wenye maduka wakaagiza kidogo, na kadi za namba za juu zikaingia mitaani chache kuliko zile za mwanzo.

Mwaka 1962 kadi zilikuwa 598. Uecker amechapwa kwenye namba 594.

Hapo ndipo penye jibu kubwa. Uhaba wa kadi hiyo haukutokana na ustadi wake, ulitokana na foleni ya uchapaji. Wala hayuko peke yake kwenye kadi hiyo: ni kadi ya wachezaji chipukizi, ina vichwa vya wadakaji watano, yeye akiwa mmoja wao. Anayetaka kukamilisha seti nzima ya 1962 hana njia ya kumkwepa. Kwake namba 594 ina uzito uleule wa kadi ya Mickey Mantle, nyota mkubwa wa enzi hizo, kwa sababu pengo ni pengo tu.

Halafu kuna suala la hali ya kadi, na hapa 1962 ni mwaka mgumu kweli. Ukingo wake umechapwa kwa rangi ya kahawia yenye mistari ya mbao. Kona ikichubuka kidogo tu, weupe wa karatasi unatokeza na jicho linauona mara moja. Watoto walizifunga kwa mipira ya kubania, wakazicheza kamari ya kurusha ukutani, wakazibana kwenye spoku za baiskeli ili zilie. Leo zipo kampuni zinazokagua kadi na kuipa alama kuanzia 1 hadi 10, na tofauti ya bei kati ya kadi iliyochakaa na iliyo safi ni kubwa mno.

Lakini kadi nyingine za fungu lile ni adimu vilevile na hazizungumzwi hivyo. Kilichompandisha Uecker ni maisha yake baada ya kustaafu. Kuanzia 1971 hadi 2024 alitangaza mechi za timu ya Milwaukee Brewers redioni, kwa ucheshi uliowafanya watu wampende kama ndugu wa nyumbani. Mwaka 2003 Jumba la Mashujaa wa Besiboli lilimtunukia tuzo ya watangazaji. Alifariki Januari 2025. Vizazi kadhaa vya Wisconsin, jimbo la timu hiyo, vilikua na sauti yake bila kuwahi kumwona akicheza. Kadi ndiyo inayowaonyesha Uecker kijana, mchezaji.

Hata Moe Berg, mdakaji wa akiba wa miaka ya 1920 na 1930, anatafutwa kwa sababu ya namna hiyo. Alikuwa msomi wa Princeton, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akawa jasusi wa Marekani. Desemba 1944 alihudhuria mhadhara wa mwanafizikia Mjerumani Heisenberg huko Zurich, bastola mfukoni, akiwa na amri ya kumpiga risasi iwapo angebaini kwamba Wajerumani wanakaribia kupata bomu la atomiki. Hakufyatua. Kadi yake imewekwa kwenye makumbusho ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani.

Kwa maoni yangu, raha kubwa zaidi ya kukusanya kadi za mchezaji wa akiba ni kwamba unaweza kuzipata zote. Babe Ruth, gwiji wa besiboli, ana kadi nne ndani ya seti moja tu, ile ya kampuni ya Goudey ya 1933, na bei zake hazishikiki. Uecker ana kadi sita za kawaida za Topps, moja kwa kila mwaka, na mtu wa kipato cha kawaida akivuta subira atazipata zote. Zitazame kwa makini. Kwenye ile ya 1965 amesimama kama mpigaji wa mkono wa kushoto, ilhali alipiga kwa mkono wa kulia maisha yake yote. Alimfanyia mzaha mpiga picha, na mzaha ukachapwa.

Anayetaka kuanza aanze na ya 1963, namba 126, na ya 1966, namba 91. Zote zilitoka mapema katika misimu yake, hivyo zipo nyingi na bei yake ni nafuu. Ya 1964 ni namba 543, nayo imo fungu la mwisho, kwa hiyo itahitaji kutafutwa zaidi. Namba 594 iachwe mwisho, na kabla ya kulipa, muuzaji aombwe picha za kona zote nne, mbele na nyuma.