Farasi wa mapipa apumzike lini?

Mimi ni daktari wa mifugo, na wagonjwa wangu wengi ni farasi wa mbio za mapipa huku Texas. Swali ninalokutana nalo kuliko yote huja kwa sura ya malalamiko: daktari, farasi wangu anakimbia sekunde 15 tu, sasa anachoka nini? Leo nalijibu kwa Kiswahili, kwa ajili ya ndugu zangu masaisi na wapandaji waliotawanyika huku na kule katika nchi za Ghuba, na kwa yeyote anayempenda mnyama huyu. Hizo sekunde ndizo zinazotupotosha.

Kwa asiyeujua mchezo: mapipa matatu ya lita 200 hivi hupangwa kwa umbo la pembetatu. Kwa vipimo vya kawaida, pipa la kwanza na la pili hutengana kwa mita 27, kutoka hapo hadi la tatu ni mita 32. Farasi anaingia kwa shoti, analizunguka la kwanza, anakata upande wa pili kulizunguka la pili, kisha la tatu, halafu anarudi moja kwa moja kwenye mstari wa saa kwa kasi yake yote. Pipa likianguka unaongezewa sekunde 5, na kwa kuwa washindi hupishana kwa sehemu za mia za sekunde, aliyeangusha pipa amekwisha.

Sasa tazama kinachotokea pale kwenye pipa. Mnyama wa kilo 500 anafunga breki kwa miguu ya nyuma, anashusha makalio, anajipinda mwili mzima kuuzunguka mguu wa ndani, kisha anajisukuma tena kutoka karibu kusimama hadi shoti. Mara tatu, ndani ya muda ambao wewe unafunga kamba za viatu. Na mizunguko haiko sawa: miwili upande mmoja, mmoja upande mwingine, wiki baada ya wiki, kwa miaka. Ndiyo maana ninakuta maumivu mahali palepale: goti la nyuma, kwato za mbele, na ile ligamenti inayoshika kifundo cha mguu kisilale chini.

Wasomaji wa Nairobi waliozoea mbio za Ngong wanajua kwamba farasi wa pale akishakimbia, kwa kawaida hukaa majuma kabla ya kuonekana tena kwenye mbio. Farasi wa mapipa hana bahati hiyo. Kwenye rodeo (mashindano ya michezo ya wachunga ng'ombe) za kulipwa chini ya WPRA, chama cha wanawake kilichoanzishwa San Angelo mwaka 1948, wanaokwenda fainali za taifa ni 15 waliokusanya fedha nyingi zaidi hadi tarehe 30 Septemba. Kwa hiyo watu wanazikimbiza. Siku zinazozunguka tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, rodeo hufuatana jimbo kwa jimbo, na trela hukesha barabarani. Halafu fainali zenyewe, ambazo tangu 1985 hufanyika Las Vegas isipokuwa mwaka 2020, ni mbio 10 katika usiku 10 mfululizo, mwezi wa Desemba.

Hapo ndipo mtu atanitajia farasi Scamper. Ni kweli, Scamper na mpandaji wake Charmayne James walitwaa ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, 1984 hadi 1993, na katika fainali za 1985 lijamu lilimkatikia akamaliza mzunguko bila hilo na bado akashinda usiku ule. Ninamheshimu sana farasi yule. Aliishi hadi miaka 35. Lakini mwili kama wake ni wa nadra, na ratiba ya farasi wako haiwezi kujengwa juu ya mwili wa farasi mwingine. Wapandaji wengi wa ngazi ya juu leo husafiri na farasi wawili au watatu, ili mmoja akikimbia mwingine apumzike.

Jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote ni kwamba ndani ya farasi mmoja kuna saa nyingi, na haziendi pamoja. Msuli una saa yake. Mbio za namna hii hula akiba ya sukari iliyomo msulini, glikojeni, na farasi huijaza polepole: saa 48 hadi 72 baada ya kazi nzito, wakati binadamu aliyekula vizuri huweza kuijaza kwa siku moja hivi. Ukano, ule mshipi unaofunga msuli kwenye mfupa, una saa nyingine kabisa. Hauna damu nyingi, na kwa farasi aliyekomaa hauimariki kwa mazoezi kama msuli unavyofanya. Unachofanya ni kukusanya nyufa ndogondogo zisizoonekana, hadi siku moja unakatika. Ukikatika, tunazungumzia miezi 9 hadi 12 ya uponyaji, na wengine hawarudi walivyokuwa. Mfupa nao hujijenga upya kwa miezi, si kwa siku.

Sasa fikiria siku ya nne baada ya mashindano. Msuli umejaa, farasi anarukaruka malishoni, macho yanang'aa, na mwenyewe ananipigia simu kwa furaha: daktari, yuko tayari! Msuli uko tayari. Ukano haujasema kitu, kwa sababu ukano haulalamiki mapema. Farasi mchangamfu mwenye kano zilizochoka ndiye ninayemhofia kuliko yule anayechechemea, maana anayechechemea angalau atafungiwa nyumbani.

Jambo la pili: safari ni kazi. Ndani ya trela farasi hasimami tu; kila kona na kila breki anajishikilia kwa misuli ileile atakayoitumia uwanjani. Anakunywa maji kidogo, na tumbo la farasi asiyekunywa huziba. Akifungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kuinama kukohoa na kutoa makamasi, vijidudu hushuka mapafuni, na siku mbili baadaye ananiletea homa ya mapafu. Wateja wangu nawaambia wasimame kila baada ya saa nne, wamfungue kamba ashushe kichwa, wampe maji, na waloweshe nyasi kavu ili asivute vumbi. Baada ya safari ya zaidi ya saa 12, siku nzima ya kupumzika kabla ya kukimbia ni kiwango cha chini kwangu. Na kwenye kalenda siku ya safari iandikwe kama siku ya kazi. Watu hunibishia hapa kuliko mahali pengine popote.

Uchovu wa safari hufungua milango mingine pia. Virusi vya hepesi ya farasi, EHV-1, hujificha mwilini na kuamka mnyama anapoelemewa. Novemba 2025 mlipuko uliohusishwa na mashindano ya mapipa yaliyofanyika Waco uliua farasi na kufuta mashindano majimbo kadhaa. Wengi walilazimika kukaa nyumbani kwa majuma, wakipima joto asubuhi na jioni. Mazoea hayo ya kupima joto ningependa yabaki hata pasipo mlipuko.

Tumbo nalo lisisahauliwe. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, ale asile. Ukimkimbiza akiwa na njaa, asidi inaruka hadi sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga, na vidonda vinaanza. Kiasi kidogo cha majani ya lusini (alfalfa) muda mfupi kabla ya kupanda husaidia sana, kwa kuwa kalsiamu yake hupunguza makali ya asidi. Kuhusu mapafu: uchunguzi mmoja wa farasi 170 wa mapipa huko Alberta, Kanada, ulikuta karibu nusu yao wana damu kwenye njia ya hewa baada ya mbio. Damu ile mara nyingi haitoki puani, kwa hiyo mwenye farasi hana habari.

Basi utajuaje kwamba amechoka? Mwenyewe atakwambia, ila si kwa lugha tunayopenda. Anaanza kugoma mlangoni mwa uwanja. Anapitiliza pipa la kwanza. Anaangusha mapipa ambayo hakuwahi kuyagusa. Anatikisa mkia akifungwa tandiko. Watu husema amekuwa mkaidi, wananunua lijamu kali zaidi. Niliwahi kuletewa farasi jike wa miaka minane aliyekuwa akisimama kwa miguu miwili kila alipoona lango. Lijamu lilishabadilishwa mara kadhaa kabla mtu hajafikiria kumpima. Alikuwa na vidonda vya tumbo na maumivu katika magoti yote mawili ya nyuma. Kwangu mimi kila ukaidi ni maumivu mpaka nithibitishe vinginevyo. Mapigo ya moyo ya farasi aliyepumzika ni 28 hadi 44 kwa dakika. Mpime kila asubuhi kabla hajala, ujue yake ni ngapi, na siku yakipanda bila sababu, mwache.

Na sindano ya kiungo si mapumziko. Naitoa, ina nafasi yake, lakini farasi aliyekuwa akihitaji moja kwa mwaka sasa anaihitaji kila miezi mitatu ili amalize msimu ana tatizo ambalo sindano inalificha. Nimewahi kukataa, nikapoteza mteja, na ningekataa tena.

Kupumzika nako si kumfungia bandani. Farasi aliyesimama kwenye chumba cha mita nne kwa nne anapoteza madini ya mifupa, tumbo lake linazorota, na kichwa chake kinaharibika. Apumzike malishoni, atembee, ale kichwa kikiwa chini, awe na mwenzake. Na msiogope kwamba atapoteza pumzi: kwa wiki mbili tatu za namna hiyo farasi hupungukiwa kidogo sana, tofauti na sisi. Halafu, farasi mzoefu hana haja ya kukimbia mapipa nyumbani. Anayajua. Mpandishe vilima, mpeleke matiti (ule mwendo ulio kati ya kutembea na shoti) kwenye ardhi nzuri, apite kwenye mapipa akitembea. Zile mbio za mazoezi ambazo watu hulipia uwanjani kabla ya mashindano nazo zihesabiwe kama mbio, kwa sababu mguu hautofautishi.

Ratiba ninayowaandikia wateja huanza na mapumziko, mashindano yanajazwa baadaye kwenye nafasi zilizobaki. Wikendi mbili za kukimbia, ya tatu nyumbani. Jumatatu malishoni, Jumanne kutembea tu, na kuanzia Jumatano ndipo matiti, kama miguu haina joto wala uvimbe asubuhi. Baada ya msimu, majuma sita hadi manane bila tandiko. Kurudi kwake kuende taratibu: majuma mawili ya kutembea, mawili ya matiti huku ukiongeza vilima, kisha shoti fupi kwenye mstari ulionyooka. Mapipa kwa kasi yasubiri hadi wiki ya saba, na ada ya mashindano ya kwanza isilipwe kabla sijamwona akienda matiti kwenye duara, pande zote mbili, juu ya ardhi ngumu.