Vipimo vya pumzi na kasi kwa wakimbiaji: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukimbiaji wa dakika 12 unapima kila kitu.

Hapana. Daktari Kenneth Cooper alikitangaza kipimo hiki mwaka 1968, baada ya kukitumia kwa wanajeshi wa anga wa Marekani, ili kukadiria uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Unachukua umbali kwa mita, unatoa 504.9, kisha unagawanya kwa 44.73. Aliyekimbia mita 2,800 anapata takriban 51, yaani mililita za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Lakini mtazame anayefyatuka mzunguko wa kwanza kana kwamba ni mbio za mita 400: kufikia dakika ya tano mabega yamepanda, hatua zimefupika, na umbali anaopata unaonyesha alivyogawa nguvu zake vibaya kuliko unavyoonyesha pumzi yake. Kocha asimpime mwanafunzi ambaye hajawahi kuzijaribu dakika hizo 12.

Dhana: Mwenye namba kubwa ya oksijeni ndiye mshindi.

Derek Clayton wa Australia, mtu wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, mwaka 1967, alipimwa akapata chini kidogo ya 70. Wapo wakimbiaji wengine waliokuwa na zaidi. Yeye alitumia oksijeni kidogo kwa kila hatua, na aliweza kukaa muda mrefu karibu na kikomo chake.

Dhana: Laktiki, kemikali ambayo misuli huizalisha katika mazoezi makali, ni sumu inayoleta maumivu ya kesho yake.

Hii inaudhi kwa jinsi isivyokufa. Laktiki hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, na moyo pamoja na misuli huitumia kama nishati. Maumivu ya kesho hutokana na michubuko midogo ya misuli.

Dhana: Mita 800 hukimbiwa bila oksijeni.

Zaidi ya nusu ya nishati yake hutokana na oksijeni.

Dhana: Kasi ya mwanzo inatosha kupima nguvu zisizotegemea oksijeni.

Haitoshi. Kuna kipimo cha kukimbia mita 35 mara sita, mapumziko sekunde 10 tu kati ya mbio na mbio. Linganisha mbio ya kasi zaidi na ya polepole zaidi: pengo hilo ndilo linaloonyesha anavyochoka. Anayejibania nguvu mbio mbili za kwanza huonekana imara kuliko alivyo, basi msimamie atoe zote tangu ya kwanza. Kipimo cha Wingate, sekunde 30 kwenye baiskeli, ni kizuri pia, ila mkimbiaji habebi uzito wake akiwa amekaa kwenye tandiko.