Je, wajua kwa nini muuza korosho wa Hamburg huulizia glovu za mbanguaji wa Mtwara?

Mtu anayenunua pakiti ya korosho katika duka la Hamburg hajui Tandahimba iko upande gani wa dunia, na pengine hana haja ya kujua. Hata hivyo, kiwanda cha Mtwara au Lindi kinachotafuta soko la Ulaya kitaletewa na mnunuzi waraka mrefu wa maswali: wabanguaji wana umri gani, hulipwa vipi, hufanya kazi saa ngapi kwa wiki, wamepewa glovu? Kwa nini mfanyabiashara ajishughulishe na mikono ya mtu ambaye hakumwajiri yeye?

Tuanze na mikono yenyewe. Ganda la korosho lina mafuta mazito yenye asidi inayobabua ngozi. Korosho ghafi huchemshwa kwanza kwa mvuke, ndipo mbanguaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huiweka moja moja kwenye kisu cha mashine na kulipasua ganda bila kuivunja punje, kwa kuwa punje nzima ina bei kuliko iliyovunjika. Anayeifanya kazi hiyo bila kinga vidole vyake huwa vyeusi, kisha ngozi hubabuka na kuchunika. Sheria zetu za Tanzania hazikunyamazia jambo hili: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na kukataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14.

Kanuni za mnunuzi, zile zilizo nyuma ya waraka wake wa maswali, hazichukui nafasi ya sheria hizo. Ni sharti la mkataba tu, lakini ni sharti lenye uzito, kwa sababu mwenye kiwanda anaweza kumkwepa mkaguzi wa serikali kwa miaka, ila hawezi kumkwepa mteja anayechukua nusu ya mzigo wake. Makampuni ya nguo ya Marekani, Levi Strauss likiwa miongoni mwa yaliyotangulia mwaka 1991, yaliandika kanuni za namna hii kwa hiari, hasa kwa kuhofia aibu. Korosho nayo ilipata aibu yake: mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu waliofungiwa katika vituo vya waraibu wa dawa za kulevya nchini Vietnam walivyolazimishwa kubangua korosho. Baadaye hiari ikageuka wajibu. Ufaransa ilitunga mwaka 2017 sheria inayoyataka makampuni makubwa yafuatilie haki za watu hata kwa wasambazaji wao, na ya Ujerumani, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka faini inayoweza kufikia asilimia 2 ya mauzo ya mwaka kwa makampuni makubwa kabisa. Kwa hiyo mnunuzi anayeleta waraka anajilinda yeye kwanza, na sioni ubaya wowote, mradi mbanguaji naye apate kinga.

Shida ni kwamba hati na hali halisi ni vitu viwili. Mwaka 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha kimataifa cha haki za wafanyakazi, na wiki chache baadaye kikaungua na kuua watu zaidi ya 250. Kwa korosho kasoro huwa ndogo zaidi, na kwa hiyo ngumu zaidi kuonekana. Mkaguzi anayetumwa kwa niaba ya mnunuzi hutoa taarifa kabla ya kufika, hukuta glovu mpya, huweka alama ya vema, huondoka. Lakini mbanguaji hulipwa kwa kilo, na glovu nene humpunguzia kasi. Mkaguzi akishapita getini, anazivua ili kilo zitimie. Mnunuzi anayeulizia glovu bila kuulizia malipo kwa kilo, wala bei anayoitoa yeye mwenyewe, ameuliza nusu ya swali.

Isitoshe, sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ilhali baadhi ya viwanda vilivyojengwa na serikali kusini vimegeuzwa maghala. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo korosho hukusanywa ghalani kwa risiti kupitia vyama vya ushirika vya wakulima, unasaidia kujua mzigo ulitoka chama gani cha msingi, ingawa kangomba, yaani ununuzi wa magendo nje ya mfumo huo, huvuruga hata hilo. Mzigo ukishabanguliwa ng'ambo, mkulima wa Newala huwa msambazaji wa mbali, yaani asiyeiuzia kampuni moja kwa moja, na kwa sheria ya Ujerumani kampuni hulazimika kumchunguza wa mbali pale tu inapopata taarifa yenye msingi kwamba haki zimevunjwa. Taarifa hiyo lazima itoke kwa mtu. Ndiyo maana sheria hiyohiyo inaitaka kampuni iwe na njia ya kupokea malalamiko hata ya watu wa wasambazaji wa mbali, njia ambayo mbanguaji wa Lindi ataweza kuitumia ikiwa maelezo yake na namba ya simu vimebandikwa ukutani kwa Kiswahili na ikiwa simu hiyo haipokelewi na msimamizi wake.