Tabu Hana Tabu, Wenye Tabu Ni Nyinyi

Nimeichoka hii imani ya jina lenye nuksi. Ndiyo inayonijazia benchi ofisini: akina Tabu, Shida, Mashaka, Majuto, wameletwa na mama zao au na shangazi mjuaji, wanataka hati ya kubadili jina. Kijana hapati kazi. Binti ameachika. Kibanda cha mitumba katika soko la Kongowea, Mombasa, hakiuzi. "Wakili, na jina lenyewe si unaliona?" Jina naliona. Hiyo nuksi ndiyo naitafuta.

Wengi wao wanataka kuwa Baraka. Haya, tumtazame huyo Baraka. Karne ya 19 katika mwambao huu, Baraka, Mabruki, Feruzi na Almasi ni majina ambayo watumwa walipewa na mabwana zao. Sidi Mubarak Bombay, yule Myao aliyetekwa akiwa mtoto akapelekwa India, kisha akarudi kuwaongoza wavumbuzi wa Kiingereza akina Burton na Speke bara, alibeba baraka hiyohiyo utumwani. Na Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mtu wa ukoo mkubwa wa Mazrui, aliipigania pwani hii dhidi ya Waingereza mwaka 1895 na 1896, akaishia uhamishoni kwa Wajerumani. Mtumwa na shekhe, mzizi mmoja wa jina. Niambieni lilimfaa nani.

Hapo ndipo naletewa hadithi. Najua. Mtume (S.A.W.) alimwondolea mwanamke jina la Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. (Si Asiya mke wa Firauni, kwa Kiarabu herufi ni tofauti, msikimbilie kuwabadili wajukuu.) Lakini ipo na ya Hazn, yaani ugumu, babu yake Said bin Musayyab, aliyeambiwa awe Sahl, yaani wepesi, akasema habadili jina alilopewa na babake. Mjukuu akasimulia kuwa ugumu ulibaki katika ukoo wao, na wapenda nuksi huishia hapo kwa furaha. Mimi nasoma pia kwamba alikataa, na hakulazimishwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kudhani kwamba wazee walipachika majina haya kwa ujinga. Chausiku alizaliwa usiku, Mwanajuma Ijumaa, Charo wa Kigiriama mamake alikuwa safarini. Hayo yaishe. Tabu mara nyingi ni kumbukumbu ya uchungu uliokaribia kumuua mama. Jirani zetu Wakamba humwita mtoto Mbiti, fisi, wakishazika wenzake kadhaa, ili mauti yamwone hana thamani yampite. Aliyempa mwanawe jina hilo alikuwa akimkinga, nanyi mnasema alimlaani.

Kisha kuna majina ya vijembe, na hapa naomba mnivumilie. Siwatu. Sikitu. Chuki. Mwanamke aliyeolewa katika nyumba ya watu hangeweza kumjibu mavyaa wala mawifi. Akijifungua, akipewa nafasi ya kutaja jina, alitaja neno lake. Tangu siku hiyo kila akimwita mtoto mlangoni, "Siwatuuu!", majirani wanasikia na wahusika wanajijua. Ni kazi ileile ya jina la leso, ila leso huchakaa. Mlengwa hawezi kulalamika, maana mama anamwita mwanawe tu. Huo ni ustadi, jamani.

Ila ustadi wa nani, na kwa gharama ya nani? Mavyaa amekufa, ugomvi umesahaulika, Siwatu ana miaka arobaini na bado anabeba maneno ya watu wawili waliomo kaburini. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa. Haisemi jina la namna gani, nami sijui ningeiandika vipi ingetaka kusema. Mwaka 2008 jaji wa New Zealand alimweka msichana chini ya uangalizi wa mahakama ili jina lake libadilishwe. Aliitwa Talula Does The Hula From Hawaii. Siku nyingine nautamani uwezo huo. Kisha namkumbuka karani wa kaunta anayecheka akisoma Kazungu, jina la Kimijikenda, anauliza mzungu mwenyewe yuko wapi, na tamaa yote inaniisha. Huyo ndiye atakayeamua lipi ni kituko? Na Kadzo, la Kimijikenda pia, litapona?

Kuhusu kazi, sitawadanganya. Mwaka 2004 Bertrand na Mullainathan walichapisha jaribio lao la Boston na Chicago, Marekani: maombi ya kazi karibu 5,000, sifa zinazolingana, majina tofauti. Akina Emily na Greg, majina ya Wazungu, waliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya akina Lakisha na Jamal, majina ya Wamarekani Weusi. Mwaka huohuo Fryer na Levitt, kwa data za California, wakaona kwamba ukishahesabu umaskini wa alikozaliwa mtu, jina lenyewe halionekani kumpunguzia kitu maishani. Tafiti hizi zinavutana na sijui kuzipatanisha. Lakini Jamal! Uzuri mtupu, na bado barua yake ikawekwa kando. Aliyeiweka kando hakuwa akitafsiri Kiarabu.

Kwa hiyo Tabu akija peke yake, mtu mzima, akaniambia hataki tena kuitwa hivyo, namwandikia hati bila maswali. Haki yake. Akiletwa na shangazi kwa sababu ya mchumba asiyekuja, namkalisha kwanza. Hati itasajiliwa, itatangazwa katika Gazeti Rasmi, halafu safari ndiyo inaanza: kitambulisho, pasipoti, benki, PIN ya KRA, yaani ya kodi, hatimiliki ya shamba la Kilifi iliyoandikwa jina la zamani. Siku ya mirathi ndugu wa kambo atauliza huyu Baraka ni nani, na atauliza mbele ya hakimu.

Kama ni mtoto mchanga, sheria inawapa wazazi miaka 2 tangu usajili wa kuzaliwa kubadili jina kwa njia nyepesi. Itumieni. Mkichelewa, basi angalau mje kabla jina halijaingia kwenye cheti cha mtihani wa taifa, na shangazi abaki nyumbani.